Kila Sekunde Tano

Watu hunipenda vitu vyao vikiharibika. Vikipona, hakuna anayekumbuka kama nipo. Sisemi haya kwa uchungu. Haya, nasema kwa uchungu, kwani nani ananilipa nifiche? Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye chumba cha seva cha maabara ya rufaa, orofa ya pili, mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa chuma ambao ukishaufunga simu haishiki mtandao. Zahanati na hospitali zinatuletea sampuli za damu, halafu wauguzi wanafungua tovuti yetu kusoma majibu. Tovuti ikifunguka, sifa ni za maabara. Ikigoma, utasikia, "Fundi yuko wapi?"

Ndani ya chumba hicho naishi na mashine tatu. Mbili ni seva za tovuti, zinafanana kila kitu, kwa hiyo naziita Kurwa na Doto. Ya tatu ni seva ya databesi, yaani ghala lenyewe: kila jibu la damu, kila jina la mgonjwa, kila zamu ya mfanyakazi imo humo. Huyo namwita Bibi, kwa sababu ni mzee, ana kelele, na hakuna linalofanyika nyumbani bila kuulizwa yeye. Nazungumza nao. Ndiyo, nazungumza nao. Wewe ungekaa na feni zinavuma kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ungezungumza na nani?

Jioni nafika nyumbani, nakuta kikombe changu pale pale nilipokiacha asubuhi. Kwa watu wanaoishi na wenzao vikombe husogea, mmoja anakitoa hapa anakiweka kule, wanagombana. Changu hakijawahi kusogea. Nakiosha, nachemsha maji, naiweka simu mezani karibu na mkono, halafu naitazama.

Maana nina baba. Yuko hai, ana nguvu zake, yuko mwendo wa saa nne kwa basi. Tangu tumzike mama, miezi kumi na moja sasa, hajanipigia hata mara moja, na mimi sijampigia. Salamu zinapita kwa shangazi, dada yake baba, ambaye hunipigia kila Jumapili na kusema, "Baba yako hajambo, anakusalimu sana." Najua kabisa kwamba salamu hizo kazitunga mwenyewe, maana hata zangu kwa baba anazitunga yeye.

Kisa ni hiki. Siku mama alipozidiwa, Bibi naye alizidiwa. Nilikuwa nimejifungia ndani na simu yangu mfukoni, haishiki kitu, napambana na diski iliyokufa. Nilipotoka nikakuta baba amepiga mara kumi na moja. Nilipofika, mama alikuwa ameshafunikwa. Baba akanitazama mbele ya watu wote akasema, "Laini yako ilikuwa haipatikani." Basi. Hakuongeza neno. Afadhali angenichapa kofi, kofi linapoa. Baada ya mazishi nikapanda basi bila kuaga, na njiani nikala yamini: atanipigia yeye kwanza. Nina kichwa kigumu, na sikukiokota barabarani, nimekirithi kwake.

Baba alikuwa fundi wa simu, zile za waya. Miaka thelathini na miwili kwenye kituo cha simu, na kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi nyingine, alipiga laini moja moja, akasikiliza mlio, akakata. Hasemi na mtu. "Napima laini," ndivyo alivyoiita. Nilipokuwa shule ya bweni alikuwa akipiga ofisi ya mwalimu mkuu, anauliza kama nipo, anaambiwa nipo, anakata. Wenzangu waliitwa kuongea na baba zao mpaka wakalia. Mimi niliambiwa tu, "Baba yako kapiga." Nikiuliza kasemaje, naambiwa, "Hakusema kitu. Kauliza kama upo." Nilikuwa naona haya mbele ya wenzangu, na nilikuwa naona wivu.

Kwa hiyo nikisema kwamba nilichokitaka duniani mwaka ule ni simu moja tu iite, na jina kwenye kioo liwe Baba, usidhani natia chumvi.

Sasa, Jumatatu moja mkuu wa kitengo chetu akaniita. Ni kijana wa miaka thelathini na mitatu, mstaarabu, ananiita dada, na hawezi kukuambia hata kwamba mvua inanyesha bila kurusha slaidi ukutani. Tunamwita Slaidi, ingawa mbele yake ni bosi.

"Dada," akasema, "wauguzi wanalalamika. Jibu la damu linachukua dakika nzima kufunguka. Juzi daktari kamwacha mgonjwa kitandani anasubiri, ukurasa unazunguka tu."

"Najua, bosi."

"Unajua, lakini hujui kwa nini."

Hapo alinipata. Tangu mwaka jana mambo yalikuwa yanazidi kuwa mazito, na mimi nilishabadilisha nyaya, nikafuta mafaili ya zamani, nikamsemesha Bibi kwa upole na kwa ukali. Wapi!

"Washa ufuatiliaji wa mtandao kwenye seva zote tatu," akasema. "Hizi hizi tulizonazo, hatununui kitu. Ijumaa saa tisa nataka niwaeleze wakubwa ni nani anaziba njia."

Haya, bwana. Jumanne nikaanza. Programu ya ufuatiliaji ilikuwamo kwenye seva tangu zamani, ila ilikuwa inaangalia tumbo tu: diski imejaa kiasi gani, nafasi imebaki ngapi. Sehemu yake ya mtandao ilikuwa imelala. Kuiamsha si uchawi. Unafungua faili la mipangilio, unatafuta mstari unaosema hapana, unaandika ndiyo, unaipa ruhusa ya kuona mashine inawasiliana na nani, kisha unaiwasha upya. Kurwa alikubali ndani ya dakika nne. Doto naye vivyo hivyo, maana wale hawajawahi kutofautiana.

Bibi akakataa. Mfumo wake ulikuwa wa kale mno, programu ikasema haiwezi kukaa juu ya kitu kama kile. Ikabidi nimpandishe toleo kwanza, halafu nimzime na kumwasha, saa saba mchana wakati wauguzi wengi wako kwenye chakula. Bibi alikuwa hajazimwa tangu siku ile ya diski. Nikabonyeza. Feni zake zikapungua, zikapungua, zikanyamaza. Dakika ya kwanza, ya pili, ya nne. Nilikuwa nimeshika mlango wa kabati lake kwa mikono miwili.

"Bibi, usinifanyie hivyo," nikasema kwa sauti. "Nimebaki na nani?"

Nikashtuka kujisikia. Dakika ya sita feni zikavuma. Nikakaa sakafuni, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia nikabaki nimekaa tu.

Programu ile nikaibandika jina la Mbea. Lakini ni mbea mwenye adabu zake. Hasikilizi watu wanasema nini. Anaandika tu nani kaongea na nani, mara ngapi, na jibu limechukua muda gani. Kwenye skrini anachora ramani: kila mashine ni duara, kila mazungumzo ni mstari, na wanaoongea sana mstari wao unanenepa.

Jumatano saa nne asubuhi ramani ilikuwa imekamilika. Mistari ya zahanati ilikuwa myembamba, ya hospitali kubwa imenona kidogo. Lakini kati ya Doto na Bibi kulikuwa na mstari mnene kama kamba ya kisimani. Nikaufuata kinyumenyume kuona nani anamtuma Doto, nikakuta anwani moja tu ya mtandao. Tarakimu tupu, mteja wa kampuni fulani ya intaneti ya huko mikoani. Alikuwa anapiga hodi kila sekunde tano. Tano, tano, tano, tangu saa moja na nusu asubuhi. Hapumziki kula, haendi chooni. Na kila akipiga hodi, Doto anakimbia kwa Bibi, na Bibi anabeba furushi zima kumpa, huku wauguzi wamepanga foleni nyuma.

"Ebo!" nikasema. "Kumbe ni wewe."

Nikamwita Slaidi. Akaja na kompyuta yake kifuani, akainama kwenye skrini.

"Ni nani huyu?"

"Roboti, bosi. Binadamu gani anabisha hodi kila sekunde tano?"

"Anafungua ukurasa gani?"

"Nitaangalia. Kwanza nimfungie mlango."

"Dada, utaratibu wetu ni kumjua mtu kwanza, kumzuia baadaye. Umeuandika wewe mwenyewe."

"Na mgonjwa yuko kitandani!" nikamkata kauli.

Nikwambie ukweli, sikuwa namfikiria mgonjwa. Nilikuwa na hasira ya miezi kumi na moja, na huyu alikuwa mtu wa kwanza niliyepata nafasi ya kumfungia mlango usoni. Nikaiandika anwani yake kwenye orodha ya waliokatazwa, nikabonyeza. Mstari mnene ukakatika. Tukajaribu kufungua jibu la damu: sekunde moja.

Slaidi akapiga makofi. Saa nane ilipofika alikuwa ametuma slaidi kwa jengo zima, "Shambulio Limedhibitiwa," na picha ya ngao. Watu watatu walinipongeza kwenye korido. Mmoja wao akaniuliza niko idara gani.

Jioni ile nilikaa na kikombe changu nikatamani kumsimulia mtu. Na katika watu wote niliowajua, mmoja tu ndiye angeielewa raha ya kufuata waya kinyumenyume mpaka ukamkuta anayeuchezea. Nikaishika simu. Nikalitafuta jina lake. Kisha nikakumbuka "haipatikani" yake mbele ya watu, nikairudisha simu mezani. Apige yeye.

Alhamisi nikafungua ramani kwa mazoea tu. Mbea huandika hata waliokataliwa, na yule wa mikoani alikuwa hajaondoka. Ila sasa hakuwa anabisha kila sekunde tano. Alibisha mara tatu harakaharaka, akanyamaza dakika kumi. Akabisha mara moja. Akanyamaza nusu saa. Akabisha mara saba.

Chai yangu ikapoa. Roboti haibishi hivyo. Roboti haina wasiwasi. Hivyo anabisha mtu aliyesimama mlangoni, anabisha, anatega sikio, anazunguka dirishani, anarudi anabisha tena. Nilipaswa kuangalia saa ile ile anatafuta nini. Sikuangalia. Nikajiambia potelea mbali, kama ana shida atapiga simu ya ofisi. Nilipotoka saa kumi na moja alikuwa bado anabisha.

Ijumaa asubuhi, kimya. Hakuna hodi hata moja. Kimya kile hakikunifurahisha. Nikazungukazunguka, nikafuta vumbi lisilokuwepo, nikaandika nusu ya ripoti ya Slaidi. Ilipofika saa sita kasorobo nikashindwa, nikafungua kumbukumbu za Doto kuona yule mtu alikuwa anaomba ukurasa gani siku zote hizo.

Ukurasa wenyewe unaitwa Mafundi wa Zamu. Hakuna mtu anayeufungua, nilidhani hata haupo tena. Niliuandika mimi miaka tisa iliyopita, tulipokuwa mafundi wanne. Unaonyesha majina ya mafundi, na pembeni ya kila jina kitaa: kijani ukiwa umesaini kwenye mfumo kwamba umeingia kazini, chekundu ukiwa haupo. Mafundi watatu walishaondoka, mmoja baada ya mwingine, na majina yao nikayafuta. Kwenye ukurasa lilikuwa limebaki jina moja. Langu.

Nikakaa nikilitazama. Kuna mtu mmoja tu niliyewahi kumfundisha kuufungua ukurasa ule. Mama. Niliwanunulia tableti, nikawawekea na kisanduku cha intaneti sebuleni, na mama alikuwa anafungua kila asubuhi dakika moja tu. Kitaa kikiwa kijani, anajua mwanawe kafika kazini salama, anaizima, anaendelea na shughuli zake. Na mama hayupo. Sebuleni kule kabaki mtu mmoja.

"Mungu wangu," nikasema. "Mungu wangu, baba."

Nikatoka mbio hadi kwenye korido simu ilipopata mtandao. Nikapiga. Ile sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu, yenye adabu kama ya mtu aliyekariri, ikaniambia kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikapiga huku nateremka ngazi, sijui naenda wapi. Haipatikani. Ndipo nilipojua baba alilisikia neno lile mara kumi na moja.

Getini mlinzi akanisimamisha. "Dada Fundi! Yule mzee mmeonana?"

"Mzee gani?"

"Alikuja saa nne na nusu. Koti la kahawia, kofia kaishika mkononi. Akauliza kama bado unafanya kazi hapa. Nikamwambia yuko juu, nimwite? Akasema hapana, fundi akiwa kazini hasumbuliwi. Akasema kitaa chako kimezimika tangu juzi. Mimi nikadhani anasema taa ya gari."

"Halafu?"

"Akaniuliza, umemwona kwa macho yako? Nikamwambia nimemwona, nimemsalimu, hata hakuitikia." Akanitazama kidogo. Ni kweli, sikuwa nimeitikia. "Bado hakuridhika. Basi nikampa daftari la mahudhurio. Akavaa miwani, akatafuta jina lako, akaweka kidole juu ya sahihi yako ya leo. Akakaa nacho pale, dada, mpaka watu wakapanga mstari nyuma yake. Halafu akasema, 'Basi. Laini iko hai.' Akanishukuru, akaenda zake."

Nikakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, viatu vya ofisini, kitambulisho kinaruka shingoni kama kengele ya mbuzi. Mpaka kituo cha mabasi ni mwendo wa robo saa, na nilipofika dirisha la tiketi nilikuwa natweta.

"Mzee, koti la kahawia," nikamwambia mkata tiketi.

"Kapanda la saa sita. Limetoka sasa hivi tu, dada."

Saa nne kuja na saa nne kurudi, umri wa miaka sabini na minne, kwa ajili ya kuona sahihi kwenye daftari. Na alikuwa chini yangu orofa mbili tu. Nikalia pale pale katikati ya watu na mizigo yao, kilio cha wazi, cha kamasi. Watu wakanipisha. Mama mmoja akanisukumia benchi kwa mguu, akaendelea kuhesabu mifuko yake.

Simu yake ingebaki imezimwa mpaka afike nyumbani. Akiwa safarini huwa anaizima kutunza chaji, hajawahi kuacha tabia hiyo. Basi nikarudi kazini, maana sikuwa na pengine pa kwenda.

Nikaifungua kazi yangu ya miaka tisa iliyopita, mstari kwa mstari, nikaona aibu yangu yote. Ukurasa ule niliuagiza ujipakie upya kila sekunde tano. Ilikuwa ya majaribio, nikasahau kuitoa. Na ili ujue kama nipo, haukuuliza mahudhurio ya leo, uliyasoma yote tangu siku ya kwanza, miaka tisa nzima, kila sekunde tano. Mama alipokuwa anaufungua dakika moja haikuonekana. Baba yeye hakufanya kosa lolote. Aliiegemeza tu tableti mahali, wazi, kutwa nzima, akawa anakitazama kitaa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na mimi ndiye niliyeishona nguo hiyo.

Nikarekebisha mistari miwili. Usome ya leo tu, ujipakie mara moja kwa dakika. Kisha nikaifuta anwani ya baba kwenye orodha ya waliokatazwa.

Saa tisa kikao kikaanza. Slaidi alikuwa ameshawasha mashine yake, ukutani kuna picha ya kivuli cha mtu mwenye kofia ya koti na maandishi mekundu, "Mshambulizi Ni Nani?" Wakubwa watano wamekaa. Nikasimama.

"Ni baba yangu," nikasema.

Mmoja akacheka, akidhani ni utani.

"Ni baba yangu mzazi. Alikuwa anaangalia kama nipo. Ukurasa mbovu niliuandika mimi, nimeshautengeneza. Na nilimzuia bila kumjua kwanza, kinyume cha utaratibu. Kosa ni langu mwanzo mpaka mwisho."

Slaidi aliutazama ukuta wake, kisha akainuka akaizima mashine. Sikuwa nimewahi kumwona akisema neno kikaoni bila picha nyuma yake.

"Mzee hajambo, dada?" akauliza.

Nikamwambia bado yuko kwenye basi. Akawaambia wakubwa kikao kimekwisha.

Saa kumi na moja watu wakaondoka. Mimi sikusaini kutoka kwenye mfumo, ili kitaa changu kisizimike. Nikauegemeza mlango wa chuma kwa kiti ubaki wazi, jambo ambalo mwenyewe nimelipiga marufuku kwa bango, nikaivuta meza mpaka simu ikapata mtandao. Nikakaa naitazama ramani. Mistari ya zahanati ikapungua, mmoja mmoja, mpaka karibu yote ikaisha.

Saa kumi na moja na dakika ishirini mstari mpya ukajichora, mwembamba kama uzi, kutoka mikoani mpaka kwa Doto, kutoka kwa Doto mpaka kwa Bibi. Bibi akajibu papo hapo. Kijani. Dakika moja ikapita, uzi ukarudi. Kijani. Nikajua basi lilichelewa njiani na ndiyo kwanza amefika, pengine hata koti hajavua.

Mimi niliyekula yamini kwamba atanipigia yeye kwanza. Alikuwa ameshanipigia. Kutwa, kila siku, kwa miezi kumi na moja, kila sekunde tano, na mimi nilikuwa naitazama simu mezani nikisema hanijali. Nikapiga. Haikumaliza hata mlio mmoja.

"Haloo."

"Baba."

Namsikia anahema.

"Kuna nini, mama?" Ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na tangu msiba sikuwa nimeitwa hivyo na mtu yeyote. "Umepatwa na shida?"

"Hapana, baba. Napima laini tu."

Hakucheka. Akakohoa, akakohoa tena, kikohozi cha mtu anayetafuta pa kupitia.

"Saa hizi kitaa chako huwa kimeshazimwa," akasema.

"Nimekiacha kwa ajili yako."

"Aa," akasema. "Mama, siku ile ya msiba nilisema neno. Uliondoka nalo, nikaona. Sikuwa nakulaumu. Nilipiga mara zile zote haupatikani, mama yako yuko mbele yangu vile alivyo, nikadhani nimewapoteza wawili kwa siku moja. Ndilo nililotaka kusema. Nikashindwa kulisema lote."

Nilikuwa nimeubana mdomo kwa mkono.

"Kwa nini hukuniita leo, baba? Nilikuwa juu tu."

"Ulikuwa kazini." Akasema hivyo kama jambo lililo wazi kwa kila mtu. "Haya, nisikucheleweshe. Nimekusikia, inatosha."

"Haitoshi," nikasema. "Sina kazi yoyote. Usikate."

Hakukata. Bibi anavuma nyuma yangu, na upande wa pili nikamsikia baba anavuta kiti, anakaa, anasogeza kikombe mezani.